Kafi la Nyuma

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi kama nyingine, Philomena alipasua buti lake kwa panga.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mguu mmoja ndani ya buti, mwingine nje. Ule wa nje ulikataa kuingia. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Kisha akanyoosha mkono, akachukua panga lililoegemea ukuta, akachana shingo ya buti kutoka juu hadi kwenye kifundo.

"Mama Recho," akasema mumewe, Leonidasi, "buti zima unalipasua?"

"Si zima tena."

"Na maji yakiingia?"

"Yatatokea palepale yalipoingilia. Kunywa uji wako, Baba Recho, usinihesabie mabuti."

Leonidasi alicheka. Akanywa uji wake wa muhogo hadi chini, akakikomba kikombe kwa kidole. Kile kicheko kinamrudia mpaka leo. Angekuwa na uwezo angekirudisha kinywani.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mwanzo wa mwezi wa kumi. Majani ya vilimani yalikuwa yameungua yote. Upande wa Burundi wingu jeusi lilikuwa limekaa siku ya tatu, haliji wala haliondoki. Wote wawili walilitazama kabla ya kutazama kitu kingine. Mvua ikinyesha kule juu, Mto Nyakatete unajaa, na Nyakatete ukijaa, kambare wanapanda.

Nyakatete ni mto mdogo. Kiangazi chote mtu anauvuka bila kukunja suruali. Unateremka kutoka vilimani, unaingia Malagarasi katikati ya mafunjo, na pale unapoingilia pana maji mapana, yametulia, yana kina. Kambare wa bwawa lote hukusanyika hapo kiangazi kinapoisha. Wanangoja. Maji mekundu ya mvua ya kwanza yakishuka, wao wanapanda kinyume chake, hadi mabondeni, wakatage mayai kwenye majani yaliyofurika. Ni siku moja, kwa bahati mbili. Anayechelewa hapo amechelewa mwaka mzima.

"Wanapanda leo," alisema Philomena. "Wakikataa leo, kesho."

"Umejuaje?"

"Mbu wameniuma hadi kwenye kope."

Wakaondoka. Toka nyumbani kwao hadi mwaloni, ilipofungwa mitumbwi, ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja wa kanisani. Siku hiyo Philomena alisimama mara mbili njiani. Mara ya kwanza alishika kiuno, akautazama muhogo wa jirani. Mara ya pili hapakuwa na muhogo wa kutazama. Alisimama tu. Leonidasi alikuwa mbele na nyavu begani, akamngoja.

Philomena hakuzaliwa mtoni. Alizaliwa Gwarama, kwa watu wa maharage na mahindi, ambako maji ni ya ndoo. Alipoolewa, miaka arobaini na mmoja iliyopita, hakuwa amewahi kukanyaga mtumbwi. Siku ya kwanza aliingia akasimama katikati, akiangaza pa kukaa kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, na wote wawili wakaenda majini. Mwaloni watu walicheka hadi wakakaa chini.

"Leonidasi," akapiga kelele Nkunzimana, mvuvi mwenzake, "umeoa au umenunua jiwe?"

Philomena alitoka majini, akakamua kitenge chake, akasema, "Kesho tena." Na kesho yake akaja.

Walizaa watoto wanne, wakazika watatu. Recho ndiye aliyebaki, ni fundi cherehani Kasulu mjini. Katika hayo yote Philomena hakuacha mto. Alikuwa akirudi majini mapema kuliko watu walivyotaka, na waliomsema aliwaacha waseme.

Sasa, kwa wavuvi wa pale, anayekaa nyuma ya mtumbwi ndiye mwenye njia. Wa mbele ni mtu wa nyavu. Leonidasi alikuwa na mikono mizuri ya nyavu, hilo hakuna aliyempinga, lakini njia ilikuwa haikai kichwani mwake. Mafunjo ya Malagarasi yanahama. Kisiwa ulichokiacha kulia mwezi uliopita, mwezi huu unakikuta kimeziba mbele. Mara mbili Leonidasi alipotea na mkewe humo ndani wakalala na mbu. Ya tatu ilipotaka kutokea, Philomena alisema neno moja tu: "Hama."

Akahama. Nkunzimana alipowaona wanarudi hivyo, mke nyuma, mume mbele, alifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

"Jamani njooni muone! Leonidasi anaendeshwa kama baiskeli!"

"Baiskeli hii imefika," alijibu Philomena. "Ya kwako jana ililala kwenye mafunjo."

Mambo yakaisha hapo. Tangu siku hiyo, miaka thelathini na minane, kafi la nyuma lilikuwa la Philomena. Leonidasi hakulishika tena. Hakuona haja.

Philomena alikuwa na mambo yake mawili ambayo wengine hawakuwa nayo. La kwanza, alisikiliza maji. Wakifika mdomoni mwa Nyakatete alitumbukiza kafi wima, akaweka sikio kwenye ncha ya mpini, akafumba macho. Kambare wakiwa wengi chini, wanagusa ubao wa kafi, na mti unaleta habari. Leonidasi alijaribu mara nyingi, hakusikia kitu zaidi ya damu yake mwenyewe. La pili, hakukubali kuziba mdomo wa mto wote. Nyavu mbili zilipokutana aliacha uwazi wa pima mbili, samaki wapite. Nkunzimana na wenzake walisema anawapungia mkono samaki wao. Alisema, "Wakiisha mwaka huu, mwakani mtakula matope?" Wakamcheka, lakini baada ya miaka michache nao wakawa wanaacha uwazi. Hawakumwambia. Yeye aliona, akanyamaza.

Miguu ya Philomena ilianza kuvimba mwezi wa nane.

Hili Leonidasi halisemi kwa haraka. Miguu ilianza kuvimba, na yeye ndiye aliyesema ni kitu gani. Baba yake alikuwa mvuvi, na kila mwisho wa kiangazi miguu yake ilivimba kwa sababu ya kusimama majini kutwa nzima. Wavuvi wote wazee walikuwa hivyo. Wanakanda kwa maji ya moto na chumvi, jioni wanaweka miguu juu ya kigoda, mvua ikinyesha uvimbe unashuka. Leonidasi aliyaona hayo tangu utoto.

"Ni maji ya mtoni," alimwambia mkewe. "Mvua ikija yatashuka."

Alisema kama mtu anayesema kesho ni Alhamisi. Na Philomena, aliyekuwa habishiwi njia na mtu, katika hili alimwamini, kwa sababu mvuvi wa kuzaliwa alikuwa Leonidasi, si yeye.

Mwezi wa tisa alianza kulala amekaa, mgongo ukutani. Leonidasi alidhani ni joto.

Mtu mmoja aliwaambia ukweli. Philomena alikuwa na mteja wake wa siku nyingi, Consolée, mkimbizi wa Kongo aliyeuza samaki wakavu sokoni kando ya kambi ya Nyarugusu. Siku moja walipompelekea mzigo, Consolée aliinama kufunga gunia, akaiona miguu. Hakuomba ruhusa. Alibonyeza kidole juu ya kifundo, akakitoa. Shimo likabaki pale, halijai.

"Mama," alisema, "hii si maji ya mto. Hii ni roho," akajigusa kifuani upande wa kushoto. "Kule kwetu Itombwe mama yangu mukubwa alivimba hivi hivi. Tulimupeleka lopitali, docteur akasema roho imechoka. Unalala namna gani?"

"Nalala nimekaa."

"Unaona! Nenda lopitali, mama. Leo, si kesho."

Philomena alicheka. "Consolée, wewe ni mtu wa milimani. Miguu ya wavuvi utaijulia wapi?" Kisha akageuka kumtazama mumewe, amalizie.

Leonidasi akatikisa kichwa. "Ni maji tu, mama. Yatashuka."

Consolée aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Akafunga gunia lake.

Basi asubuhi ile ya buti walifika mdomoni mwa Nyakatete saa tatu. Kwenda ni rahisi, maji ya Malagarasi yenyewe yanakubeba. Philomena alitumbukiza kafi, akaweka sikio.

"Wapo?"

"Wapo. Wanagongana," akavuta pumzi, "kama watu mnadani."

"Mbona unahema?"

"Nimepiga kafi. Wewe ulikuwa unatazama ndege."

Wakatega wavu wa kwanza. Wakatega wa pili, wakaacha uwazi. Leonidasi alikuwa ameinama mbele, anakaza kamba kwenye mti wa mwisho, pale mtumbwi ulipogeuka.

Uligeuka wenyewe, taratibu, ubavu ukakaa kwenye mkondo. Kwa miaka thelathini na minane mtumbwi ule ulikuwa haujamgeukia hata mara moja.

"Mama Recho, umesinzia?"

Akageuka.

Philomena alikuwa amekaa wima, kafi limelala magotini, mikono yote miwili imeshika kingo za mtumbwi. Mdomo ulikuwa wazi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Pumzi yake ilikuwa na sauti, kama maji yanayochemka ndani ya birika.

"Lala kidogo," alisema Leonidasi. "Jinyooshe."

"Siwezi. Nikilala nazama."

Hapo ndipo maneno ya Consolée yalipomrudia, na sauti yake pia. Leonidasi aliyasikia yote, moja moja, mpaka lile shimo la kidole akaliona. Toka hapo hadi mwaloni ni mwendo wa saa mbili kupanda kinyume cha mkondo, ndani ya mafunjo, na mwenye njia ndiye yule aliyekuwa akitafuta pumzi.

Ngurumo ikapiga vilimani. Haikuwa mbali.

Maji yakaanza kubadilika. Kwanza yalikuja majani makavu na povu, halafu rangi: mstari mwekundu ukitoka kinywani mwa Nyakatete, unapanuka. Na chini ya mtumbwi kitu kikagonga. Kikagonga tena. Vibuyu vya nyavu vikaanza kuzama na kuibuka. Kambare walikuwa wameanza kupanda, siku ileile aliyoisema, na walikuwa wengi kuliko mwaka wowote ambao Leonidasi anaukumbuka. Migongo yao ilikuwa inatokeza juu ya maji, myeusi, imesongamana.

"Nyavu," alisema Philomena.

"Ziache."

"Hatutarudi kesho. Wataoza humo. Kata."

"Mama Recho, sina muda wa samaki!"

"Kata. Halafu," akapumua mara tatu, "nitakuonyesha njia."

Kumbishia kungechukua muda mrefu kuliko kukata. Leonidasi alikata kamba za upande mmoja, kwa haraka hadi akajikata kidole. Nyavu zikalala na mkondo kando ya matete. Mdomo wa mto ukabaki wazi, na kambare wakapita kama wanafukuzwa.

Mtumbwi ni mwembamba, watu wawili hawapishani ndani yake. Leonidasi alitambaa hadi kwa mkewe, akachukua kafi kutoka magotini mwake, akamgeuza taratibu aelekee upande mwingine, kama mtu anavyogeuza kiti chenye mguu mbovu, akarudi kwa magoti. Mtumbwi una ncha mbili. Iliyokuwa mbele sasa ikawa nyuma. Naye akawa wa nyuma.

Hakuona tena uso wake. Aliona mgongo, kitenge cha njano, na mabega. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka haraka. Leonidasi alianza kupiga kafi huku anayahesabu. Yakipanda, anapiga. Yakishuka, anapiga. Alikuwa anaogopa kupiga kafi mara moja bila kuyaona yamepanda.

Mtumbwi ulimkataa. Ulikwenda kushoto, akausahihisha, ukaenda kulia. Mikono ya nyavu haijui kafi la nyuma. Alitoka jasho hadi machoni.

"Geuza ubao," alisema Philomena bila kugeuka. "Mwisho wa pigo. Ugeuze kidogo."

Akageuza. Ukanyooka.

Kwenye mlango wa kwanza wa mafunjo Philomena aliinua mkono wa kulia. Akaingia kulia. Njia ikawa nyembamba, majani yakawafuta mabega, kisha ikafunguka. Leonidasi alipumua. Kwenye mlango wa pili mkono uliinuka wa kushoto, ukasimama hewani, ukashuka.

Pale mlango ulipokuwa asubuhi, palikuwa na kisiwa. Maji mapya yalikuwa yameng'oa kipande cha mafunjo kikubwa kama uwanja wa shule, yakakileta, yakakiegesha. Hapakuwa na pa kupita.

"Tupite wapi?" Leonidasi aliuliza. Sauti yake mwenyewe hakuipenda. "Mama Recho, tupite wapi?"

Mabega yalipanda na kushuka mara nyingi kabla ya jibu.

"Sijui."

Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kumsikia akisema neno hilo humo ndani.

"Tazama matete," alisema tena. "Yanayotikisika, yana maji chini yake. Yaliyosimama, ni ukuta."

Leonidasi akatazama. Na wakati huohuo upepo wa mvua ukafika. Matete yote yakainama pamoja, yakainuka pamoja, bwawa zima likawa linatikisika kutoka upande huu hadi ule.

"Yote yanatikisika! Ni upepo!"

Mtumbwi ulikuwa unarudi nyuma na mkondo. Akaona sasa kwamba bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na kichwa kilikuwa kinaenda upande huo.

"Philomena!"

Alimwita kwa jina. Tangu Recho azaliwe alikuwa hajamwita kwa jina.

"Usipige kelele," alisema. "Tazama chini. Shingoni. Upepo unashika kichwa. Maji yanashika shingo."

Leonidasi akainama hadi kidevu kikakaribia ukingo. Akaacha kutazama vichwa vya matete. Akatazama pale yanapotokea majini. Mengi yalikuwa yameinama juu lakini chini yamekaa imara, kama mtu anayetikisa kichwa bila kuhama. Akasogeza mtumbwi. Akatazama tena. Yamekaa. Akasogeza. Mvua ikaanza, matone makubwa yanachimba maji, ikawa vigumu kuona. Aliipekua ile sehemu kwa macho tu, tete kwa tete, na moyo unampiga masikioni.

Akaona kundi moja dogo, kando kabisa ya kile kisiwa, ambalo chini lilikuwa linatetemeka. Kidogo. Kama uzi unaovutwa.

Hakuuliza. Aliuelekeza mtumbwi pale, akapiga kafi kwa nguvu zote, wakaingia ndani ya ukuta wa majani. Majani yaliwapiga usoni. Mtumbwi ukakwama, ukakwaruza, ukateleza. Kisha wakatokea kwenye maji ya wazi, na upande wa pili ilionekana mitumbwi ya mwaloni, midogo kama mbegu.

"Nimepita!" alisema. "Mama Recho, nimepita!"

Mkono haukuinuka.

Toka pale hadi mwaloni Leonidasi alizungumza, yeye ambaye watu wanamjua kwa kunyamaza. Alimwambia mvua imekuja. Alimwambia kitenge chake kimelowa. Alipoishiwa, alimtukana. "Usiponijibu, nitakosea makusudi, nikuteremshe na mto mpaka Uvinza, ukauze chumvi."

Kidole kimoja cha mkono wa kulia kiliinuka kutoka kwenye ukingo, kikasonta mbele. Mwaloni.

Nkunzimana alikuwa pale, amejikinga mvua kwa gunia. Alimwona Leonidasi nyuma na Philomena mbele, akafungua mdomo aseme. Akaufunga. Akaingia majini na viatu, akasaidia kumbeba. Akapiga simu, pikipiki ikaja. Walimpakia amekaa, dereva mbele yake, Leonidasi nyuma yake amemkumbatia asianguke, na njia nzima ya zahanati Leonidasi aliweka kiganja juu ya mbavu zake, anazisikia zikifunguka.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Kudra, binti wa Tanga, aliyepangiwa kazi huko. Hakupoteza muda. Alimkalisha Philomena kitandani na mito mgongoni, akapima, akachoma sindano ya kutoa maji mwilini. Kisha akashika mguu. Akabonyeza kidole. Leonidasi aligeuza uso asilione lile shimo.

"Mzee," aliuliza Kudra, "miguu hii imevimba tangu lini?"

"Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane! Mlikuwa mnangoja nini, babu yangu?"

"Mvua," alisema Leonidasi.

Kudra alimtazama usoni, akaona si utani. Akashusha sauti. "Ni moyo, mzee. Umechoka, hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kifuani. Gari la hospitali nimeshaliita."

Gari likaja, likawapeleka Kibondo. Jioni hiyo Philomena alipumua vizuri zaidi kuliko alivyopumua mwezi mzima. Leonidasi akaanza kuamini kwamba wamewahi.

Aliishi siku tisa. Madaktari walifanya walichoweza, hana la kuwalaumu. Siku ya tano aliomba ugali na akaula. Siku ya saba walikuja jirani zao, wakamwambia kambare walipanda siku nzima ile, na kwamba uwazi wake mdomoni mwa mto haukuzibwa na mtu. Alisema, "Vizuri." Siku ya tisa asubuhi Leonidasi alikuwa ameshika bega lake, kama kwenye mtumbwi, na bega halikupanda.

Amezikwa kijijini, upande wa mwaloni. Leonidasi haendi tena mtoni mara kwa mara. Akienda, anakaa nyuma, kwa sababu sasa njia anaiona. Usiku ndio mgumu. Anajiuliza lile swali la Kudra, na hana jibu zaidi ya lile alilompa.

Lakini yapo maneno ambayo Philomena aliyasema siku ya pili hospitalini. Recho alikuwa amefika kutoka Kasulu kwa basi la kwanza. Alimkuta mama yake na sindano mkononi, akasikia habari yote ya miguu na ya mvua, akamgeukia baba yake palepale wodini, mbele za watu. "Baba, miezi miwili! Miezi miwili ulikuwa unamtazama tu! Mkongomani amewaambia, wewe ukatikisa kichwa?" Leonidasi alisimama kando ya dirisha na kofia mkononi. Yote yalikuwa kweli. Philomena alifumbua macho. Alimtazama binti yake, kisha mumewe, kisha binti yake tena, akangoja pumzi imtoshe, akasema:

"Recho, usimgombeze baba yako. Miguu ilikuwa yangu, siyo yake. Mtafutie chai, hajala tangu jana."